Boksi Lililofungwa Nalo Huzeeka



Wengi wenu mnaojiunga nasi kwa maombi ya asubuhi hapa mtandaoni mmeniuliza kuhusu kile kigari chekundu kinachoonekana nyuma yangu kwenye rafu, katikati ya vitabu. Mmoja aliandika, "Pasta, hiyo ni ya mjukuu?" Mwingine akauliza, kwa heshima tu, kama kweli mtumishi ana muda wa kuchezea vigari. Sikukasirika. Niliahidi kujibu na leo najibu. Chukua chai yako uketi, maana ni ndefu kidogo.

Kigari hicho ni Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1971, likiwa limepunguzwa mara 24. Gari lenyewe lina urefu wa mita nne na kidogo. Hili langu ni kama sentimita 17. Halikununuliwa likiwa zima. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi, likaunganishwa kwa mkono juu ya meza ya kulia chakula, kule Nakuru, nyumbani kwa marehemu kaka yangu. Na aliyefanya kazi kubwa si mimi, ni kijana wa kaka.

Kama hujawahi kuona kitu cha namna hii, hebu nikueleze. Kiwandani wanayeyusha plastiki, wanaisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inatoka ikiwa fremu yenye vipande vidogo vidogo vinavyoning'inia kama matunda kwenye tawi. Mlango, kiti, usukani, taa, egzosi. Ndani ya boksi unapata fremu kadhaa za hivyo, vioo vya plastiki safi, tairi laini, karatasi ya stika na kijitabu cha maelekezo. Mara nyingi rangi na gundi unajitafutia mwenyewe. Picha iliyo juu ya boksi ni nzuri sana, lakini gari halimo. Kilichomo ni uwezekano wa gari.

Watu wamefanya kazi hii kwa muda mrefu. Kule Michigan, Marekani, kampuni ya AMT ilianza mwaka wa 1948 kwa kutengeneza vigari ambavyo wauzaji wa magari waliwaonyesha wateja wao. Kufikia mwaka wa 1958 walikuwa wakiuza maboksi ambayo gari moja ungeweza kuliunganisha kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la mashindano, au kwa mtindo wako mwenyewe. Ndiyo maana leo, ukisikia mtu anakusanya modeli za magari ya zamani ya Kimarekani, mara nyingi ni za kipimo cha 1/25. Za Wajapani ni 1/24. Na huko Japani kuna mji unaoitwa Shizuoka, ambao ni kama makao makuu ya kazi hii. Kampuni ya Tamiya ilianzia hapo mwaka wa 1946, ikiwa biashara ya kupasua mbao. Wakahamia kwenye modeli za mbao, kisha za plastiki. Katika miaka ya sabini, Shunsaku Tamiya alinunua Porsche 911 nzima, akaifungua kipande kwa kipande ili apime kila kitu kabla ya kutengeneza modeli yake. Hebu fikiria! Gari zima la thamani kufunguliwa kwa ajili ya kigari cha mezani. Datsun yangu inatoka kwa Hasegawa, kampuni nyingine ya mkoa huo huo wa Shizuoka.

Sasa sikia habari za kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi wa magari. Amefungua injini Nakuru kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichomfanya ayapende magari ni Safari Rally. Nyinyi wa umri wetu mnaikumbuka. Ilianza mwaka wa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa ni jambo la Pasaka. Ulikuwa unakwenda kanisani, kisha unatoka mbio kwenda kusimama kando ya barabara upigwe na vumbi. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na Shekhar Mehta akaja wa pili akiwa na 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 Mehta mwenyewe akashinda na gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Kaka alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka huo. Alikuwa amesimama kando ya barabara, na aliitaja siku hiyo mpaka kufa kwake. Alisema uliisikia sauti ya injini kabla ya kuona chochote, kisha ukaona vumbi, kisha ukabaki umeduwaa na gari limeshapita.

Binamu yetu anayeishi Uingereza alijua jambo hili. Kila alipokuja nyumbani alimletea kaka boksi la modeli. Mengine kaka alijinunulia, pole pole, wateja wake wakisafiri. Alipofariki mwaka juzi, akiwa na miaka 63, juu ya kabati la chumba chake tulihesabu maboksi kumi na saba. Kumi na saba, mpendwa. Na hakuna hata moja aliloliunganisha.

Wanaokusanya vitu hivi watakuambia si ajabu. Wajapani hata wana neno lao la modeli zilizorundikwa bila kujengwa. Mtu ananunua kwa sababu anaogopa zitaisha madukani, au kwa sababu siku ya kununua ni rahisi kuipata kuliko miezi miwili ya kukaa mezani. Kaka alikuwa na jibu lake. Kila tulipomtania alifuta mikono yenye grisi akasema, "Nikistaafu. Nikistaafu nitakaa nizijenge zote." Basi tulicheka.

Baada ya mazishi, maboksi yale yakaleta shida nyumbani. Shemeji yangu alikuwa na karo ya kidato cha tatu mbele yake na gereji imefungwa. Mtu mmoja wa Nairobi anayekusanya modeli alisikia, akatoa bei nzuri kwa yote, mradi yawe hayajafunguliwa. Kwa wakusanyaji, boksi ambalo halijaguswa ni bei moja na boksi lililofunguliwa ni bei nyingine kabisa. Shemeji akasema tuuze. Nani angemlaumu?

Lakini kijana akakataa. Huyu ni kitinda mimba, alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu msiba alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia, basi. Shule zilikuwa zimefunguliwa na yeye alikuwa amekataa kurudi. Siku ile mama yake alipotaja kuuza, alisema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake kwa miezi miwili. "Msiguse vitu vya baba. Hakuna mtu atafungua, hakuna mtu atauza. Viache vikae vile alivyoviacha." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Shemeji akanigeukia. "Pasta, wewe ndiye mkubwa sasa. Sema neno."

Nikuambie ukweli, sikuwa na neno. Mama alikuwa na haki. Kijana naye alikuwa na haki yake. Nikasema tu, kabla hatujaamua, tuyashushe tuyaone. Huwezi kuamua juu ya kitu usichokijua.

Jumamosi moja kijana na mimi tukayashusha. Tukafuta vumbi, tukaandika orodha. Boksi moja, la gari la Kimarekani la miaka ya hamsini, nailoni yake ilikuwa imepasuka siku nyingi. Nikamwambia, "Hili tayari liko wazi, tuangalie tu ndani." Akanyamaza, kisha akafunua mwenyewe.

Mpendwa, tuliyoyaona yalinishangaza. Karatasi ya stika ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Na zile tairi laini zilikuwa zimelalia vioo vya gari kwa miaka yote hiyo. Pale zilipogusa, plastiki ilikuwa imelika, kana kwamba mtu ameibonyeza na chuma cha moto. Kijana alidhani panya. Mimi nilidhani joto. Baadaye yule mnunuzi alitueleza kwenye simu kwamba ni jambo la kawaida kwa modeli za zamani. Plastiki ya tairi hulainishwa na mafuta maalumu. Miaka ikipita, mafuta hayo hutoka polepole na kuila plastiki ngumu iliyo karibu. Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyeligusa. Boksi limekaa mahali pake na picha yake nzuri juu, na ndani kazi ya kuharibika inaendelea kimya kimya.

Akatueleza na jambo la pili, na namshukuru kwa ukweli wake maana angeweza kunyamaza. Alisema bei ya boksi la zamani haina dhamana. Kalibu ya chuma inaweza kudumu miaka mingi sana, na huuzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine. Siku kiwanda kinapoamua kuitoa tena modeli ile ile, boksi ulilolificha kwa miaka ishirini ukingoja lipande linaweza kushuka bei kwa ghafla. Wakusanyaji wanaijua hofu hiyo.

Unayajua yale mafundisho kuhusu nondo na kutu. Nimeyahubiri mara nyingi, na nilizoea kuwaza nguo na mabati. Sikuwahi kuwaza boksi ambalo halijafunguliwa.

Jioni ile kijana alikaa na kile kioo kilicholika mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Baba mdogo, kwa nini baba hakujenga hata moja? Alikuwa anaogopa nini?"

Nilijua jibu, kwa sababu nilikuwa nikimpitia kaka gerejini saa mbili za usiku, taa ikiwa bado inawaka. Nikamwambia, "Hakuogopa kitu. Jioni alizokuwa ajengee hizi aliziuza kwa wateja. Ndiyo karo yako, na ya dada zako kabla yako."

Hakujibu. Lakini asubuhi alimfuata mama yake jikoni akamuuliza karo ya muhula ni pesa ngapi. Alipotajiwa, alirudi kwenye ile orodha tuliyoandika, akachukua kalamu, akaanza kuweka alama. Maboksi kumi na moja ya kuuza. Sita ya kubaki. Mama yake alipotaka kujua kwa nini ile Datsun ya Safari, ambayo ingepata bei nzuri, hakuiwekea alama, alisema, "Hiyo tutajenga."

Yule bwana alikuja akalipa. Kijana akarudi shule. Na likizo zilipofika, tukaanza.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana wengine mnafikiri ni kubandika tu.

Kwanza unaosha fremu kwa maji na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kwenye kalibu na mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Kila kipande unakikata kwa koleo ndogo ukiacha kisiki kidogo, halafu unakimalizia kwa kisu na msasa laini. Ukikata kwa pupa, unang'oa na sehemu ya kipande. Kisha unavikutanisha vipande bila gundi kwanza, uone kama vinakubaliana. Gundi yake si kama gundi ya karatasi. Ni maji mepesi yanayoyeyusha kidogo kingo za plastiki, na zikikutana zinakuwa kitu kimoja. Ni kama kuchomelea vyuma. Kikishashika, kutenganisha ni kuvunja. Lakini gundi hiyo hiyo ukiipaka kwenye vioo, huvitia ukungu. Vioo tulivibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Rangi ndiyo ilitufundisha subira. Unaanza na praima, unasubiri. Unapuliza rangi nyembamba, unasubiri. Unarudia. Gari lile ni jekundu na boneti nyeusi, kwa hiyo nyekundu lazima ikauke kabisa ndipo uizibe kwa tepu na kupuliza nyeusi. Ukigusa kabla ya wakati, alama ya kidole inabaki pale. Kuna siku tulikaa saa nzima hatufanyi lolote, tunangoja. Na hizo saa za kungoja, mpendwa, ndizo kijana alizoongea.

Nimefanya ushauri ofisini kwa miaka mingi. Nimemketisha mtu mbele yangu, nikamtazama usoni, nikamwambia nieleze. Wengine hufunguka. Kijana huyu hakufunguka hivyo. Lakini mkimkalisha kando yako, macho yenu wote yakiwa kwenye kitasa cha mlango kisichozidi punje ya mchele, maneno hutoka yenyewe. Aliniambia kuhusu siku ile baba yake alipompeleka Naivasha mwaka wa 2021, mbio zilipokuwa zimerudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Aliniambia baba yake alifunga macho gari lilipokuwa linakuja, ili asikie kwanza. Sikuwa nimejua hilo. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja na sikuwa nimejua.

Stika za lile boksi la zamani pia hatukuzitupa. Tulizitia ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, tukazibandika kwenye kioo cha dirisha. Jua lilizirudishia weupe, si wote, lakini wa kutosha kutumika. Wajenzi wa modeli wanaujua ujanja huo. Na vioo vilivyolika, kijana anavisugua kwa msasa kidogo kidogo. Anasema gari hilo litajengwa hivyo hivyo na makovu yake.

Datsun ilipokwisha, namba 11 ubavuni, iling'aa. Kijana akaitazama akasema, "Iko safi sana. Baba hakuiona ikiwa safi." Akatoka nje na kijiko, akachota udongo mwekundu kando ya barabara, akaukausha, akauchekecha kwa kichujio cha chai (mama yake alilalamika), kisha kwa brashi akaupaka chini ya milango, kwenye tairi na nyuma yote. Ukija ofisini kwangu uitazame kwa karibu utauona. Lile ni vumbi la kweli la Nakuru. Alinipa niiweke yeye akiwa shuleni. Nimeambiwa nisiifute.

Mpendwa, sikuandika haya ili uanze kununua modeli, ingawa ukitaka, anza na boksi dogo na rahisi. Yako hata yale yanayobana yenyewe bila gundi, na yanamfaa mtoto. Fungua madirisha, maana harufu ya gundi na rangi si nzuri kwa mapafu. Usimwachie mtoto mdogo kisu. Na usinunue la pili kabla hujamaliza la kwanza.

Niliandika kwa sababu najua kwako pia kuna boksi. Kuna mama ana cherehani mpya ndani ya nailoni, anangoja apate chumba cha kazi. Kuna baba ana kiwanja na ramani ya nyumba iliyokunjwa tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Na kuna mtu ana maneno ya kumwambia ndugu yake, ameyapanga vizuri, anangoja Krismasi watakapokutana. Unafikiri kwa kuwa hujakigusa, kimebaki kama kilivyokuwa. Hapana. Tairi zimelalia vioo.

Simlaumu kaka, na wala usimlaumu mtu aliyeweka ndoto yake juu ya kabati ili wanawe wasome. Kwa wengine huo ndio upendo wote waliokuwa nao, na ni mwingi. Mengine pia ni sahihi kuyauza. Maboksi kumi na moja yamelipa karo na nina amani nayo. Lakini siku tulipoiunganisha moja tu, tulimpata kaka kidogo, na tulimpata kijana.

Kwa hiyo juma hili chagua boksi moja. Moja tu. Lishushe, ufute vumbi, ufungue. Ukikuta ndani kumeharibika kidogo, usilifunge tena. Itafute ile karatasi ya maelekezo, uanze na kipande namba moja. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye amenyamaza, mvutie kiti kando yako, umpe msasa.

Bwana akupe nguvu ya kuanza na subira ya kungoja rangi ikauke. Ubarikiwe sana. Tuonane kesho saa kumi na moja asubuhi kwa maombi.